Jibini ya Serikali, Mahindi ya Wazigua

Krismasi ya mwaka 1981 iliikuta serikali ya Marekani na jibini isiyojua pa kuipeleka. Kwa miaka mingi ilikuwa imewaahidi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwamba bei ikishuka chini ya kiwango fulani, itanunua yenyewe. Kiwango kikapandishwa, wafugaji wakakamua, maziwa yakafurika. Na kwa kuwa maziwa mabichi hayakai, serikali ikayanunua yakiwa siagi, unga na jibini. Kufikia Desemba mwaka huo jibini peke yake ilikuwa imepita tani 225,000. Nyingine ilihifadhiwa chini ya ardhi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa huko Missouri, ambako baridi haibadiliki mwaka mzima. Hata hivyo ilikuwa imeanza kuota ukungu, na Waziri wa Kilimo, John Block, alijitokeza hadharani na kipande chake kuonyesha hali ilivyokuwa.

Nje ya machimbo hayo watu walikuwa wanaachishwa kazi. Mwaka uliofuata ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8, kiwango ambacho Wamarekani hawakuwa wamekiona tangu vita kuu ya pili. Serikali hiyohiyo yenye jibini ndiyo iliyokuwa imetoka kupunguza bajeti ya kuponi za chakula kwa maskini. Tarehe 22 Desemba 1981 Rais Ronald Reagan akatangaza kwamba takriban tani 13,600 za jibini zitolewe bure kwa wenye shida. Zikaja katika vipande vya kilo mbili na ushei, ndani ya maboksi yasiyo na pambo lolote, na hadi leo Wamarekani waliokua miaka ile wanaikumbuka "jibini ya serikali", wengine kwa hamu, wengine kwa aibu waliyoipata kwenye foleni.

Lakini kutangaza ni jambo moja, kufikisha ni jingine. Idara ya Kilimo ilikuwa na maghala. Haikuwa na watu wa kusimama mlangoni katika kila mji na kumkabidhi bibi kizee fungu lake. Watu hao walikuwa makanisani, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye majiko ya kugawa supu, na kwenye vituo vichache vya namna mpya vilivyojulikana kama benki za chakula. Jibini ile ndiyo iliyovilazimisha vituo hivyo vikue haraka. Ili kuelewa vilikotoka, inabidi turudi nyuma miaka 14, kwenye joto la Phoenix, jimbo la Arizona.

John van Hengel alizaliwa Waupun, Wisconsin, mwaka 1923. Aliishi California maisha ya mjini yenye mafanikio, kisha ndoa ikavunjika, akarudi kwao, akafanya kazi ya kuvunja mawe na kuumia mgongo. Alipofika Arizona alikuwa mtu wa makamo anayetafuta pa kuanzia upya. Akajitolea kwenye jiko la hisani la Mtakatifu Vincent wa Paulo. Phoenix ni mji wa michungwa na milimau, na matunda mengi yalikuwa yanaanguka uani kwa watu na kuoza. Van Hengel akawa anaomba ruhusa ya kuyachuma, anajaza gari bovu, anayapeleka jikoni. Matunda yakazidi mahitaji ya jiko lile, akaanza kuyapeleka kwa wengine.

Katika kazi hiyo alikutana na mama mwenye watoto kumi, mume akiwa gerezani, aliyekuwa akiwalisha watoto wake kwa vitu anavyookota kwenye mapipa ya taka nyuma ya duka kubwa la vyakula. Mama huyo alimweleza kwamba vingi ni vizima: karoti zilizolegea kidogo, mikate ya jana, vyakula vya barafu ambavyo boksi lake limechanika. Tena akasema ingefaa pawepo mahali ambapo wenye chakula cha ziada wanakiweka, na wenye shida wanakitoa, kama watu wanavyofanya na fedha benki. Historia ya mtandao huu imeandikwa mara nyingi kama historia ya Van Hengel, na kweli alistahili sifa. Mimi naona wazo lenyewe lilikuwa la mama yule, na lilitoka kwa mtu aliyejua kutokana na kazi ya mikono yake, kila siku, ni chakula gani hasa kinachotupwa na nchi yake. Jina lake halikuhifadhiwa.

Van Hengel alikwenda kwa mapadri Wafransisko wa Kanisa la St. Mary's. Wakampa dola 3,000 na jengo lililokuwa kiwanda cha mikate, limeachwa tupu. Hiyo ilikuwa mwaka 1967. Katika mwaka wa kwanza St. Mary's Food Bank iligawa karibu tani 125 za chakula kwa taasisi 36 za hisani. Zingatia hapo: haikugawa kwa watu, iligawa kwa taasisi. Huo ndio uti wa mgongo wa mfumo wote uliofuata. Benki ya chakula ni bohari ya jumla. Inapokea kwa malori, inapanga, inatunza, inatoa kwa makanisa, misikiti, shule, vituo vya wazee na makazi ya wasio na nyumba. Hao ndio wanaokutana na mwenye njaa uso kwa uso.

Habari zikaenea, miji mingine ikaja kujifunza. Mwaka 1975 serikali ya shirikisho iliipa St. Mary's ruzuku ya kusaidia miji mingine kuanzisha benki zao, na mwaka uliofuata kukazaliwa chombo cha kuziunganisha, Second Harvest, yaani mavuno ya pili. Kufikia 1977 benki za chakula zilikuwa katika miji 18. Chombo hicho ndicho kilichohamia Chicago, na tangu mwaka 2008 kinaitwa Feeding America. Leo kina benki za chakula takriban 200 zinazohudumia vituo na programu zipatazo 60,000. Van Hengel aliendelea kuzunguka akiwashauri watu wa nje. Benki ya kwanza ya chakula Kanada ilifunguliwa Edmonton mwaka 1981, ya kwanza Ulaya ikafunguliwa Paris mwaka 1984. Alifariki mwaka 2005. Mwaka mmoja baadaye ukaundwa mtandao wa dunia, na leo Nairobi nayo ina benki yake ya chakula ndani ya mtandao huo.

Huruma peke yake haikuyafanya haya. Zilihitajika sheria, na sheria hizo ni za kuchosha kusoma, ila bila hizo malori yasingetembea. Ya kwanza ilikuwa ya kodi: mwaka 1976 Bunge la Marekani liliruhusu kampuni inayotoa bidhaa zake kwa maskini kukata kodi zaidi ya gharama ya kuzitengeneza. Ghafla kutoa kukawa na nafuu kuliko kutupa. Ya pili ilihusu hofu. Wenye maduka walikuwa wakisema, "Mtu akila mkate wangu akaumwa, si atanipeleka mahakamani?" California ikatunga sheria ya kumkinga mtoaji mwenye nia njema mwaka 1977, majimbo mengine yakaiga moja baada ya jingine, na tarehe 1 Oktoba 1996 Rais Bill Clinton akasaini sheria ya nchi nzima, iliyopewa jina la mbunge wa Missouri, Bill Emerson, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla. Na ya tatu ni ile ya jibini. Mpango wa dharura wa 1981 ulipewa sheria yake mwaka 1983 na kuitwa wa muda. Mwaka 1990 neno "muda" likaondolewa kwenye jina. Mpango huo upo hadi leo, na chakula kinachonunuliwa na Idara ya Kilimo ni sehemu kubwa ya kinachopita katika benki hizi.

Ndani ya bohari kazi inaonekana ya kawaida kuliko mtu anavyotarajia. Kuna meza ndefu, na watu wa kujitolea wamesimama pande mbili: wastaafu, wanafunzi, wafanyakazi wa benki ya kweli waliopewa siku moja ya kusaidia. Mbele yao boksi la makopo mchanganyiko kutoka dukani. Mmoja anachukua kopo la maharage, analizungusha mkononi. Limebonyea ubavuni: linapita. Limebonyea kwenye mshono, au kwenye ukingo ambako kifuniko kimefungwa: linatupwa, kwa sababu hapo tundu lisiloonekana kwa macho linaweza kuingiza vijidudu. Kifuniko kimevimba: linatupwa bila mjadala. Tarehe iliyoandikwa chini haiwatishi, kwa kuwa nchini Marekani tarehe nyingi za vyakula huandikwa na mtengenezaji kueleza ubora, si usalama. Maziwa ya watoto wachanga ndiyo peke yake ambayo sheria ya shirikisho inayalazimisha yawe na tarehe. Hayo tarehe ikipita, hayatolewi kwa mtu yeyote. Nyama ya dukani nayo hugandishwa kabla tarehe yake haijafika, ikasafirishwa ikiwa jiwe, na lori likichelewa njiani na joto likapanda, shehena nzima hurudi kuwa taka. Anayedhani benki ya chakula hugawa makombo angetazama meza hiyo kwa nusu saa.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa la kugawana. Kiwanda cha nafaka kikitoa lori zima huko Ohio, liende wapi? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 makao makuu ya Chicago yaligawa kwa zamu. Benki iliyokuwa mbele kwenye foleni ilipigiwa simu na kupewa saa chache za kuamua. Utaratibu huo ulionekana wa haki, ila haukujua kitu. Haukujua kwamba benki moja ina ghala limejaa mkate na inalilia maziwa, na jirani yake kinyume chake. Idaho, jimbo linalolisha nchi nzima viazi, liliwahi kupelekewa viazi.

Mwaka 2004 makao makuu yakaita kamati ya wakuu wa benki za chakula na wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Canice Prendergast. Wachumi walikuja na pendekezo la mnada: kila benki ipewe pesa za kubuni, nyingi kwa mwenye watu wengi maskini, chache kwa mwenye wachache, na kila mmoja aombe mzigo anaoutaka kwa siri, mara mbili kwa siku. John Arnold, aliyeongoza benki ya magharibi mwa Michigan, aliwajibu waziwazi kwamba yeye ni mjamaa, ndiyo maana anaendesha benki ya chakula, na kwamba haamini masoko. Sisi tuliokulia kwenye hotuba za ujamaa tunaielewa hofu yake: soko ndilo lililomwacha mwenye njaa nje, litamletea nini ndani? Kwa hiyo wakajadiliana kwa miezi. Pesa zilizotumika mchana zikapangiwa kurudi kwa wote usiku huohuo, ili zisilundikane mahali. Benki ndogo zikaruhusiwa kukopa na kuungana kuomba pamoja. Mzigo usiotakiwa na mtu ukaruhusiwa kuwa na bei hasi, yaani anayeuchukua analipwa. Mnada ulianza Julai 2005. Ikagundulika kwamba nafaka za boksi na tambi, zinazokaa bila kuharibika, zinathaminiwa mara nyingi zaidi ya mboga mbichi, jambo ambalo foleni ya zamani haikuwahi kulisema kwa kuwa ilihesabu kilo tu. Benki maskini, ambazo jirani zao hawana viwanda vya kutoa chochote, ziliacha kupokea mboga zisizohitaji na kuweka pesa zao kwenye vyakula vikavu. Arnold mwenyewe alikuja kuukubali mfumo huo. Si soko la kawaida, kwa kweli. Ni soko ambalo kila mwenye kuingia amepewa mtaji kulingana na dhiki ya watu wake, na sijaona jingine la namna hiyo.

Juu ya benki za miji kuna ngazi ya jimbo. Jimbo kubwa huwa na benki nyingi, nazo huungana ili kununua kwa pamoja na kuzungumza kwa sauti moja mbele ya bunge la jimbo. California ziliunda chama chao mwaka 1995, na miaka kumi baadaye kikaanzisha mpango wa kuchukua matunda na mboga ambazo wakulima hawawezi kuziuza kwa sababu ya ukubwa au umbo. Majimbo madogo huwa na benki moja inayobeba jimbo zima. Maine ni mojawapo, na nimelichagua kwa sababu ambayo msomaji wa Kiswahili ataiona punde.

Maine iko pembeni kabisa kaskazini-mashariki, imepakana na Kanada. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya Mkoa wa Tanga, lakini watu wake ni kama milioni 1.4 tu, tena wengi wazee. Ni nchi ya misitu, kamba wakubwa wa baharini na viazi, na majira yake ya baridi ni makali kiasi kwamba mzee huchagua kati ya mafuta ya kupasha nyumba joto na chakula. Mwaka 1981, mwaka uleule wa jibini, JoAnn Pike na mumewe Ray walianzisha Good Shepherd Food Bank, Mchungaji Mwema. Mahali pao palikuwa Lewiston na Auburn, miji miwili inayotazamana kuvuka Mto Androscoggin. Kizazi baada ya kizazi wahamiaji wenye kusema Kifaransa kutoka Quebec walikuwa wamesokota pamba Lewiston, na viwanda vya viatu vilijaa Auburn. Viwanda vyote hivyo vilikuwa vinakufa.

Leo Good Shepherd ina bohari Auburn na nyingine Hampden, karibu na Bangor, na inahudumia kaunti zote 16 kupitia vituo zaidi ya 600. Kutoka Auburn hadi mpaka wa kaskazini ni zaidi ya kilomita 400. Lori linaloondoka alfajiri kwenye theluji kupeleka paleti mbili za mkate na maziwa kwenye kanisa la kijiji chenye watu mia kadhaa halina faida yoyote kibiashara. Hakuna muuzaji angelipeleka. Ndiyo maana mtandao wa jimbo upo. Anayeishi mji mkubwa ana maduka yanayotupa chakula karibu yake. Anayeishi kijijini kule hana hata duka.

Mwaka 2010 benki hiyo ilifanya uamuzi ambao naona una uzito kuliko bohari zote: iliacha kutegemea vya kuokoa peke yake, ikaanza kununua. Mpango ukaitwa Mainers Feeding Mainers, watu wa Maine kuwalisha watu wa Maine. Sababu ilikuwa rahisi. Viwanda vilikuwa vimejifunza kutumia kompyuta kutabiri mauzo, makosa yakapungua, na mabaki mazuri yakapungua nayo; kilichobaki kwenye misaada kilizidi kuwa peremende na soda. Wakati huohuo wakulima wadogo wa jimbo walikuwa wanakufa kwa kukosa soko la uhakika. Benki ikaanza kuwekeana nao mikataba kabla ya msimu: karoti kiasi hiki, kabichi kiasi hiki, bei hii, na mara nyingi mkulima apeleke moja kwa moja kwenye kituo kilicho karibu naye bila kupita Auburn. Desemba 2020 MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa mwanzilishi wa Amazon, aliipa Good Shepherd dola milioni 25, na fedha za namna hiyo ziliupa mpango huu nguvu. Lakini mwanzo wake ulikuwa miaka kumi kabla, na ulitoka kwa watu waliokuwa wakitazama maghala yao yakijaa peremende.

Miongoni mwa waliouzia benki hiyo ni shamba linaloitwa Liberation Farms, na mazao yake ni mahindi ya punje ngumu, yale ya kusaga unga wa ugali. Wanaolima wametoka Jilib, Jamaame na vijiji vingine vya Mto Juba nchini Somalia. Baadhi yao nyumbani wanasema Kizigua.

Habari yao inaanzia Tanga. Katika miaka ya 1830, takriban 1836, ukame mkubwa uliipiga Uzigua. Watu waliteremka pwani wakitafuta chakula, na wafanyabiashara wakawapokea kwa ahadi kwamba kaskazini kuna kazi na kuna kula. Walipandishwa majahazi, wakashushwa Barawa na bandari za jirani, wakauzwa. Njaa iliwafanya watumwa. Baada ya miaka kadhaa kundi moja lilitoroka, likiongozwa, kwa masimulizi yao wenyewe, na mwanamke aitwaye Wanankhucha, wakiwa na nia ya kurudi kwao kwa miguu. Walifika Juba wakaishia hapo, wakafyeka msitu, wakalima mahindi kando ya mto kwa miaka 150, wakidharauliwa na jirani zao wafugaji. Vita ya 1991 iliwakuta wakiwa ndio wenye ghala zilizojaa, na wenye bunduki walizimaliza ghala hizo kwanza. Wakakimbilia Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea kama 12,000 kati yao. Wakahamishiwa Kakuma mwaka 2002 kwa ajili ya usaili, na ndege zikaanza kuondoka. Wengine walivuka kusini, wakafika Handeni, nchi waliyotoka mababu zao, na katika makazi ya Chogo Tanzania ikawapa uraia.

Waliopelekwa Marekani walitawanywa katika miji mingi, na katikati ya miaka ya 2000 mamia wakahamia wenyewe Lewiston, ambako nyumba zilizoachwa na wafanyakazi wa viwanda zilikuwa za kodi nafuu na Wasomali wengine walikuwa wametangulia. Watu waliokuwa wakulima maisha yao yote wakajikuta kwenye ghorofa, wakipanga foleni kupokea vyakula vya makopo wasivyovijua. Chama chao cha jumuiya kilianza kukodi mashamba nje ya mji. Waliyagawa kwa familia, na sehemu nyingine wakailima kwa vikundi vya watu kumi kumi kwa utaratibu wa ushirika waliouzoea Juba. Msimu wa Maine ni mfupi. Mahindi hupandwa baada ya barafu ya Mei na sharti yavunwe kabla ya barafu ya vuli. Mwaka 2020, katika mji mdogo uitwao Wales, ardhi ya zaidi ya ekari 100 iliwekwa chini ya amana ili waikodi kwa miaka mingi bila hofu ya kufukuzwa. Amana hiyo imepewa jina la Juba Ndogo.

Naandika haya kwa moyo mzito na wa furaha kwa pamoja. Njaa iliwatoa Uzigua, na wajukuu wa wajukuu wao sasa wanatoa unga unaowekwa kwenye maboksi ya watu wenye njaa katika nchi tajiri kuliko zote. Hawakuacha kuwa maskini kwa hilo. Wengi wa familia hizo bado wanahitaji msaada wa chakula. Mtu anaweza kuwa mkulima anayeuzia benki ya chakula Jumatatu na mwenye kusimama foleni ya kituo Alhamisi. Wanaoendesha mtandao huu wanalijua hilo, na hawana namna ya kulificha.

Hapa ndipo kipimo cha kazi yote kinapoonekana. Mwaka 2023 Idara ya Kilimo ilihesabu watu milioni 47.4 wanaoishi katika nyumba zisizo na uhakika wa chakula. Feeding America wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwenye mtandao wao, mpango wa serikali wa SNAP, mrithi wa zile kuponi, hutoa milo tisa. Ina maana serikali ikipunguza sehemu ya kumi ya SNAP, benki zote za nchi zingelazimika kutoa karibu mara mbili ya zinachotoa ili kuziba pengo, na hakuna bohari wala lori la kutosha. Jambo hilo lilipimwa kwa vitendo mwaka 2025. Machi, Idara ya Kilimo ilifuta mpango wa mamia ya mamilioni ya dola uliowezesha benki za chakula kununua kwa wakulima wa karibu, na sehemu ya ununuzi wake yenyewe ikasitishwa. Kisha Oktoba serikali ya shirikisho ikafungwa kwa ugomvi wa bajeti, na Novemba mosi ikafika bila malipo ya SNAP kwa watu wapatao milioni 42. Katika siku chache foleni mbele ya vituo zilirefuka kama zilivyorefuka Aprili 2020, siku za korona, pale benki ya San Antonio ilipohudumia familia 10,000 kwa siku moja, magari yamejipanga kwenye uwanja wa gulio mpaka macho hayafiki mwisho. Mashirika ya hisani yalitoa kila yalichokuwa nacho. Hayakutosha, na walioyaongoza hawakuona haya kusema hivyo.

Kwa sababu hiyo mitandao ya majimbo imejifunza kwenda bungeni. Maine mwaka 2019 ilipitisha azimio la kumaliza njaa katika jimbo kufikia 2030, na Good Shepherd ilikuwa mmoja wa waliolisukuma. Novemba 2021 wapiga kura waliingiza haki ya chakula katika katiba ya jimbo. Hakuna jimbo lililokuwa limefanya hivyo kabla yao. Mwaka huohuo bunge la Maine, pamoja na lile la California, yakawa ya kwanza nchini kuamua kwamba chakula cha shule kiwe bure kwa wote na kwa kudumu. Kabla ya hapo mtoto wa maskini alipata bure na mwenzake akalipa, na pale kaunta kila mmoja alijua nani ni nani. Wengine walikataa kula. Tangu mwaka wa masomo wa 2022 mtoto wa shule ya umma anakula bure asubuhi na mchana, bila kujali mzazi wake anapata kiasi gani.

Shule hufungwa Ijumaa mchana. Kwa hiyo malori ya Auburn bado yanapeleka maboksi shuleni, ya kuliwa nyumbani Jumamosi na Jumapili.